Saa Isiyo na Jina

Kuna jambo moja ambalo nimelinung'unikia barazani kwa miaka mingi, hata wenzangu wamekwisha kulichoka. Leo naliandika ili wale ambao hawajalisikia walisikie, na waliolichoka walisome polepole pasipo kelele zangu. Nasema hivi: kompyuta na simu zetu zimefundishwa saa za dunia nzima, pamoja na za visiwa ambavyo wengi wetu hatujapata kuvisikia, lakini saa ya Kiswahili hazikufundishwa. Wala msomaji asidhani nataka kumchekesha. Jambo hili linawagharimu watu nauli, kazi na afya zao.

Hata hivyo, asiyejua maana haambiwi maana. Kabla ya kulaumu ni haki tueleze kazi yenyewe ilivyofanywa.

Ndani ya kompyuta hakuna mishale ya saa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tu, moja baada ya nyingine, tangu saa sita ya usiku ulioanzisha tarehe 1 Januari 1970 huko Greenwich. Hesabu hiyo ni moja kwa walimwengu wote; sekunde iliyopo Tanga sasa hivi ndiyo iliyopo Tokyo. Tofauti huanza pale mashine inapotaka kumwonyesha binadamu saa. Hapo hujiuliza: huyu mtu yuko wapi? Kisha hufungua orodha, ikatazama mahali pale pako mbele au nyuma ya Greenwich kwa saa ngapi, na kama watu wa pale wana desturi ya kusogeza saa majira ya joto yanapoingia.

Orodha iliyoenea kuliko zote ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na Bwana Arthur David Olson, na baadaye mtunzaji wake mkuu akawa Bwana Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California. Ni kazi ya kujitolea, na tangu mwaka 2011 imehifadhiwa chini ya shirika liitwalo ICANN. Watu hawa nawaheshimu. Serikali fulani ikitangaza leo kwamba kesho itasogeza saa, ni wao wanaohangaika ili simu za raia zisidanganye. Nchi ya Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011, ikalala Alhamisi na kuamka Jumamosi, orodha ikaandika. Korea Kaskazini ilirudisha saa zake nyuma kwa nusu saa mwaka 2015, kisha mwaka 2018 ikaghairi. Orodha ikaandika mara mbili.

Katika kuzipa kanda za saa majina, walitumia busara. Zamani watu walizoea herufi tatu tatu, lakini herufi hizo zina fitina: IST ni saa ya India, ni ya Israeli, na ni ya Ayalandi pia. Majina ya nchi nayo hayakufaa, kwa kuwa nchi hugombana na hubadili majina. Zaire ilikoma kuitwa Zaire mwaka 1997, ilhali Kinshasa na Lubumbashi zikabaki pale pale. Kwa hiyo wakaandika bara na mji: Asia/Tokyo, America/New_York, Africa/Nairobi. Na mji ukibadili tahajia ya jina lake, orodha hufuata. Calcutta imekuwa Kolkata. Kiev imekuwa Kyiv mwaka 2022.

Na sisi je? Sisi tumo kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, lenye vistari vya chini kwa sababu orodha hairuhusu nafasi katikati ya jina. Lakini tangu mwaka 2014 jina hilo limekuwa kibao cha njiani tu. Mashine ikilisoma, huelekezwa: nenda Nairobi. Kampala, Mogadishu, Djibouti, Addis Ababa, Asmara na visiwa vya Komoro vimeelekezwa huko huko. Sababu iliyotolewa ni kwamba tangu mwaka 1970 saa za miji hii hazikupata kutofautiana, basi hakuna haja ya kuandika habari moja mara kumi. Na kwenye kompyuta za Windows, anayetafuta saa ya Tanzania katika orodha ya kanda hukuta pameandikwa Nairobi peke yake.

Wapo wenzangu waliokasirika waliposikia hivyo. Wanasema tumemezwa. Nawaambia wapunguze jazba. Tukifuata jua, Mwanza iko karibu zaidi na Nairobi kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam, na sijamsikia Msukuma akilalamika kwamba saa yake imepewa jina la mji wa Wazaramo. Baina ya Dar es Salaam na Nairobi jua lenyewe hupishana kwa dakika kumi hivi. Wenye haki ya kulalamika ni wanahistoria, kwa sababu wakati wa ukoloni saa za huku zilichezewa sana, hata zikapata kuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, na mwenye kuiuliza mashine habari za Dar es Salaam za kabla ya mwaka 1970 aghalabu hupewa historia ya Nairobi. Hilo ni kosa, nalo linafaa kusahihishwa. Lakini hakuna mgonjwa aliyekosa dawa kwa ajili yake.

Ugomvi wangu uko kwingine. Mashine huuliza mtu yuko wapi. Haiulizi mtu huyo anahesabuje.

Sina haja ya kumfundisha msomaji wa kitabu hiki kwamba jua likichomoza tunahesabu saa ya kwanza ya mchana, na likizama tunahesabu saa ya kwanza ya usiku. Kwetu karibu na ikweta hesabu hiyo ina akili nyingi, kwa kuwa mwaka mzima jua halipishani sana na saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Mtoto anaijua kabla ya kujua kusoma. Redio huitangaza. Mahakama, misikiti, makanisa, mashamba na masoko huitumia. Taarifa ya habari ni saa mbili usiku, na hakuna raia anayeuliza ni saa mbili ipi.

Sasa tuone mashine inavyoitendea hesabu hiyo. Mbali na orodha ya kanda za saa, kuna hazina nyingine yenye kueleza desturi za lugha: majina ya miezi, ya siku, ya fedha, na namna ya kuandika tarehe. Hutunzwa na jumuiya ya Unicode, na huitwa CLDR. Kiswahili kimo. Ukitaka jina la kanda yetu utakuta pameandikwa vizuri kabisa, Saa za Afrika Mashariki. Lakini ukifika kwenye kuhesabu saa, hazina hiyo inajua njia nne tu: ya 1 hadi 12, ya 0 hadi 11 waliyo nayo Wajapani, ya 0 hadi 23, na ya 1 hadi 24. Zote nne zinaanzia usiku wa manane. Kila moja ina jina lake, na mtengeneza programu akilitaja jina hilo mashine inaelewa. Hesabu yetu haina jina, na kwa mashine kisicho na jina hakipo.

Matokeo yake ni tafsiri ya nusu. Maneno yamekuwa ya Kiswahili, tarakimu zimebaki za Kiingereza. Simu inaweza kukuandikia saa 9:00 usiku ikiwa na maana ya saa tatu, wakati watu ndiyo kwanza wanakula. Lakini saa tisa usiku kwa Mswahili ni wakati wa wezi na wavuvi. Wapo wanaosema ati neno la asubuhi au usiku litaondoa utata. Haliondoi. Saa 4 asubuhi ya kwetu ni saa ya chai, na saa 4 asubuhi ya mashine ni kabla ya jogoo kumaliza kazi yake. Yote mawili yanasomeka kama Kiswahili sahihi, na hiyo ndiyo hatari yake. Laiti mashine ingeandika Kiingereza kitupu, mtu angejihadhari.

Shangazi yangu ana kisukari na hukaa kijijini, mwendo wa basi wa asubuhi nzima hadi kwenye hospitali anakotibiwa. Hospitali hiyo, ambayo sitaitaja, iliweka kompyuta ya kuwakumbusha wagonjwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukamfikia: unatakiwa kliniki Jumanne, saa 8:00. Mjukuu akamsomea, shangazi akasikia saa nane. Akapanda basi la alfajiri, akafika mjini, akala kiporo alichofunga, na saa nane mchana kamili akawa mlangoni. Kliniki ilikuwa imefungwa. Muuguzi aliyebaki alimwambia, tena kwa upole, "Bibi, umechelewa saa sita. Wenzako walikuwa hapa saa mbili." Shangazi akamwonyesha simu. Muuguzi akatazama, akatikisa kichwa, akamwandikia tarehe nyingine, wiki tano mbele. Dawa zilizokuwa nyumbani zilitosha wiki mbili.

Mimi nilikwenda kuuliza. Kijana anayesimamia kompyuta alinipokea vizuri, akanifungulia ukurasa wa mipangilio. Kanda ya saa: sawa. Lugha: Kiswahili, sawa. "Mzee, kila kitu kiko sahihi," akaniambia. Na kwa kweli, kwa kipimo cha mashine, kila kitu kilikuwa sahihi. Ukurasa wenyewe haukuwa na mahali pa kuandika swali nililokuja nalo.

Nimezisikia hoja za wapinzani wangu, nazo nitazijibu moja moja.

Wa kwanza husema: watu wafundishwe saa ya kimataifa. Ndugu zangu, watu wanaijua! Karibu kila mtu mjini huangalia saa ya mkononi iliyoandikwa 8 na kutamka mbili bila kufikiri. Tatizo halikuja kwa sababu ya ujinga wa shangazi. Ujumbe uliandikwa kwa Kiswahili, naye akausoma kwa Kiswahili. Mwenye kuandika saa 8:00 kwa Kiswahili akiwa na maana ya saa mbili ndiye aliyeandika vibaya, awe mtu au awe kompyuta.

Wa pili husema: ukibadili saa utavuruga ndege na benki. La hasha. Nimekwisha kueleza kwamba mashine hutunza sekunde, na sekunde hizo hakuna anayetaka kuzigusa. Anayechagua kuandikiwa 8:00 PM badala ya 20:00 havurugi ndege yoyote. Ni vazi tu, na nguo chini yake ni ile ile. Mimi naomba vazi la tano.

Wa tatu husema: weka simu yako kwenye kanda nyingine. Na kweli wapo vijana wajanja waliogundua kwamba Buenos Aires, kule Argentina, iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Ukiweka simu yako Buenos Aires, inapofika saa mbili asubuhi simu nayo inaonyesha 2:00. Werevu mzuri! Lakini tazama gharama yake. Tarehe ya simu hiyo haibadiliki mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ukipokea fedha saa nane usiku, simu inaandika kwamba ulizipata jana. Basi Mswahili, ili aone saa ya kwao akiwa kwao, hana budi aidanganye mashine kwamba amehamia Amerika ya Kusini. Hivi kweli kuna anayeona hilo ni suluhisho?

Tena hoja hiyo inaonyesha pale wengi wanapokosea. Saa ya Kiswahili haihitaji kanda yake ya saa. Tuko saa tatu mbele ya Greenwich, na hilo orodha ya Bwana Olson inalijua sana. Orodha hiyo iliwahi kubeba saa za jua za Riyadh, zilizopigiwa hesabu siku kwa siku kwa miaka ya 1987, 1988 na 1989, na mwaka 2013 watunzaji wakaziondoa baada ya kuona kwamba orodha haifai kwa kazi ya namna hiyo. Walifanya vyema. Mlango wetu wa kubisha ni ule mwingine, wa desturi za lugha. Namna ya kuhesabu ni sehemu ya lugha kama lilivyo jina la mwezi.

Wa nne, na huyu ndiye anayeniudhi, husema kwamba usiku wa manane ndio mwanzo wa siku kwa kanuni ya maumbile, na hesabu yetu ni ya kienyeji. Kanuni ya maumbile! Mkutano uliochagua Greenwich kuwa mwanzo wa hesabu za dunia ulifanyika Washington mwezi Oktoba 1884. Mataifa 25 yalihudhuria, na kutoka Afrika ilikuwapo Liberia peke yake. Mwezi uliofuata, Novemba, ukafunguliwa mkutano wa Berlin uliohusu Afrika, na huko Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Wanajimu wa Ulaya wenyewe walikuwa wakianza siku yao adhuhuri, tena wakaendelea hivyo mpaka tarehe 1 Januari 1925. Kwa hiyo wataalamu wenyewe, kwa miaka 40 baada ya Washington, hawakuutii usiku wa manane. Mwanzo wa siku ni mapatano ya watu. Wao wamepatana kuanzia gizani, sisi tumepatana kuanzia kwenye jua, na mwenye kuita mapatano yake maumbile na ya mwenzake ukienyeji anatafuta ukubwa tu.

Wala hatuko peke yetu. Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi. Kalenda yao ya miezi 13 imekwisha kuingizwa katika hazina ya lugha za kompyuta, na ni jambo la kupongezwa, lakini saa zao zimeachwa nje pamoja na zetu. Kumbe mashine inaweza kujifunza mwezi wa kumi na tatu, ikashindwa kutoa sita? Sikubali kwamba ni ugumu wa kazi. Nathubutu kusema kwamba hakuna aliyedai kwa sauti ya kutosha.

Na hapa lawama inageuka kuja nyumbani. Hazina zile ziko wazi. Majina ya Kyiv na Kolkata yalibadilishwa kwa sababu kulikuwa na watu walioandika barua, wakaleta ushahidi, wakasubiri, wakaandika tena. Sisi tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967. Tuna baraza la Zanzibar, tuna vyuo vikuu vyenye maprofesa wa lugha, na kila mwaka tunafanya makongamano. Tumebuni istilahi nyingi za kompyuta, na nyingine ni nzuri. Lakini istilahi ni maneno. Ukimpa mtu maneno ya Kiswahili na ukamnyima hesabu ya Kiswahili, umempa kanzu isiyo na mikono.

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, hesabu yetu ipewe jina katika hazina ya desturi za lugha, iwe njia ya tano baada ya zile nne, ili mtengeneza programu aweze kuitaja. Pili, simu na kompyuta zilizowekwa kwa Kiswahili zimpe mtumiaji nafasi ya kuichagua. Asiyeitaka aiache, hakuna anayelazimishwa. Tatu, mpaka hayo mawili yatimie, kila ofisi inayotuma ujumbe kwa wananchi iandike saa zote mbili bega kwa bega: saa 2:00 asubuhi, yaani 08:00. Hili la tatu halihitaji kibali cha Marekani wala cha mtu yeyote. Linaweza kuanza Jumatatu, na hospitali na makampuni ya mabasi yawe ya kwanza.

Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Tangu hapo kila mwaka zinapigwa ngoma na kusomwa hotuba. Naomba waandalizi wa sherehe zijazo wafanye jaribio dogo. Watume mialiko kwa simu, kwa Kiswahili sanifu, na saa waiache iandikwe na kompyuta kama inavyojua. Kisha wahesabu ni wageni wangapi watafika asubuhi, na ni wangapi watafika mchana viti vikiwa vinakusanywa.